Maji, Kreatinini na Hofu ya Dawa ya Kontrasti: Historia ya Kinga ya Figo na Maana Yake kwa Umurenge wa Cyanzarwe, Rubavu

Utangulizi

Umurenge wa Cyanzarwe ni mmoja kati ya mirenge 12 ya Wilaya ya Rubavu, katika Jimbo la Magharibi la Rwanda. Uko kaskazini mwa mji wa Gisenyi, karibu na mpaka wa Kongo, juu ya nchi ya lava iliyo chini ya milima ya Virunga. Udongo wake hustawisha viazi na maharage, lakini mwamba wa lava hunywa mvua upesi. Mito inayotiririka juu ya ardhi ni michache, na maji ya nyumbani aghalabu hubebwa na kuhesabiwa kwa madumu. Maelezo haya ya kijiografia yanaweza kuonekana kuwa mbali na chumba cha picha za eksirei. Hata hivyo, tatizo la figo kuharibika baada ya mgonjwa kuchomwa dawa ya kontrasti limekuwa, kwa sehemu kubwa ya historia yake, tatizo la maji mwilini.

Mkazi wa Cyanzarwe anapougua huanza kwa mshauri wa afya wa kijiji, yule ambaye Kinyarwanda humwita umujyanama w'ubuzima. Kutoka hapo huenda kituo cha afya, kisha Hospitali ya Wilaya ya Gisenyi. Maradhi yakizidi uwezo wa wilaya, hupelekwa hospitali za rufaa, ambazo kubwa zake ziko Kigali, umbali wa kilomita zipatazo 150. Ni kwenye ngazi hizo za juu ambapo mkulima huyu hukutana na CT-Scan au uchunguzi wa mishipa ya moyo, na kwa njia hiyo hukutana na kontrasti. Wengine huiita rangi, jina linalopotosha kidogo, kwa kuwa haipaki kitu chochote. Ni kimiminika chenye iodini, na iodini huzuia miale ya eksirei isipenye, hivyo mshipa au kiungo kilichojaa kimiminika hicho huonekana waziwazi pichani. Kazi yake ikiisha, ni figo zinazoitoa, na sehemu kubwa hutoka na mkojo ndani ya saa 24.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba historia ya tatizo hili, ikisomwa kwa ukamilifu, hupunguza uzito wa lawama uliowekwa juu ya dawa na kuuhamishia kwenye mambo mawili: hali ya mgonjwa anapofika mbele ya mashine, na mahali anapokwenda baada ya kuondoka hapo. Kwa wilaya kama Rubavu hoja hii ina uzito wa kisera, kwa kuwa huamua fedha chache zilizopo zitumike kununua nini.

Mgonjwa aliyenyimwa maji

Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei mjini Würzburg mnamo Novemba 1895. Mapema mwaka uliofuata, watafiti wa Vienna walikuwa tayari wamejaza mchanganyiko mzito wa madini katika mishipa ya mkono uliokatwa kutoka kwenye maiti na kuupiga picha. Jaribio hilo halikuweza kufanywa kwa mtu aliye hai. Njia ilifunguka kwa bahati mwaka 1923, wakati madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walipoona kwamba mkojo wa wagonjwa wa kaswende waliokuwa wakitibiwa kwa sodiamu iodidi ulionekana kwenye eksirei. Mwaka 1929 Moses Swick, daktari kijana Mmarekani aliyekuwa Ujerumani, alionyesha kwamba kampaundi zenye iodini zilizotengenezwa na Arthur Binz na Curt Räth zingeweza kuchomwa kwenye mshipa na kuchora picha ya figo na njia za mkojo. Dawa iliyotokana na kazi hiyo iliitwa Uroselectan. Hivyo, tangu mwanzo, kontrasti ya mishipani ilikuwa dawa ya figo: iliundwa ipite huko ili figo zionekane.

Zama hizo zilikuwa na onyo jingine, ingawa halikuhusu figo. Thorotrast, kontrasti yenye thoriamu iliyotumika sana katika miaka ya 1930 na 1940, ilivumiliwa vizuri siku ya sindano na kutoa picha nzuri sana. Ilikuwa na mionzi, haikutoka mwilini, na miongo kadhaa baadaye ilisababisha saratani za ini kwa watu waliokuwa wamekwisha kuisahau. Watunga sera wanaopima usalama wa teknolojia ya tiba kwa matokeo ya siku ya kwanza wangefaidika kwa kuikumbuka.

Kuhusu figo zenyewe, kisa kinachotajwa mara nyingi kuwa chanzo cha hofu kilichapishwa mwaka 1954 na Bartels na wenzake wa Denmark. Mgonjwa mwenye mayeloma, yaani saratani ya seli za uboho zinazotoa protini, aliacha kabisa kukojoa baada ya kupigwa picha ya figo kwa kontrasti. Visa vingine viliripotiwa baadaye, na kwa miaka mingi mayeloma ikachukuliwa kuwa marufuku ya moja kwa moja.

Jambo ambalo halikupewa uzito wake wakati ule ni maandalizi. Kwa miongo mingi, mgonjwa wa picha ya figo aliandaliwa kwa kunyimwa maji usiku kucha na kupewa dawa ya kuharisha. Mantiki yake ilieleweka: mwili mkavu hutoa mkojo mzito, mkojo mzito hubeba iodini nyingi kwa ujazo mdogo, na picha hutoka kali. Kwa mgonjwa ambaye mirija ya figo zake ilikuwa imejaa protini za mayeloma, au kwa mzee mwenye kisukari, ukavu huo ulikuwa nusu ya ajali. Hospitali ilimkausha mgonjwa, ikamchoma dawa nzito, kisha ikaandika kwamba dawa ndiyo iliyomdhuru.

Dawa za kizazi kile zilikuwa na hatari halisi pia. Ukolezi wake ulizidi ule wa damu kwa zaidi ya mara 5. Zilivuta maji kutoka kwenye seli, zikauma zilipopita kwenye mishipa. Mtu aliyebadilisha hali hiyo ni Torsten Almén, mtaalamu wa eksirei wa Malmö, Sweden. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alipendekeza molekuli isiyogawanyika kuwa ioni, ili iodini ileile ibebwe na chembe chache zaidi. Kampuni ya Nyegaard ya Oslo ilikubali wazo hilo. Metrizamidi ilitangulia, na katika miaka ya 1980 ikaja ioheksoli, ambayo bado inatumika duniani kote. Ukolezi wa dawa za jamii hii ni takribani mara 2 hadi 3 ya damu. Maumivu yalipungua sana, na madhara ya figo kwa wagonjwa walio hatarini yakapungua pia. Hofu iliyozaliwa katika enzi ya dawa za kwanza, hata hivyo, ilihamia kwenye dawa mpya bila kupimwa upya.

Miaka ya kutafuta kinga

Kuanzia miaka ya 1990, utafutaji wa kinga uligeuka kuwa tasnia ndogo ya utafiti. Jaribio la Solomon na wenzake, lililochapishwa mwaka 1994, lilihusisha wagonjwa 78 wenye figo dhaifu. Wale waliopewa dripu ya maji ya chumvi peke yake walifanya vizuri kuliko wale walioongezewa manitoli au furosemidi, dawa mbili za kukojosha ambazo wakati huo ziliaminika kuzisafisha figo. Matokeo hayo yalipaswa kutuliza mambo. Badala yake, mwaka 2000 Tepel na wenzake walitangaza kutoka Ujerumani kwamba asetilisisteini, dawa ya bei nafuu ya kulainisha makohozi, ilizilinda figo za wagonjwa wao. Walikuwa 83 tu. Mwaka 2004 ilikuwa zamu ya sodiamu bikaboneti. Mamia ya makala yalifuata, mengi yakiwa ya majaribio madogo yanayopingana, na miongozo ya hospitali ikajaza vidonge na mchanganyiko wa dripu ambao hakuna aliyekuwa na uhakika nao.

Majibu yalikuja majaribio yalipokua. Mwaka 2011, utafiti wa ACT wa Brazil, wenye wagonjwa 2,308, ulionyesha kwamba asetilisisteini haikuongeza wala kupunguza kitu: katika makundi yote mawili, asilimia 12.7 walipata madhara ya figo. Utafiti wa PRESERVE, uliopanga wagonjwa 5,177 katika nchi nne, Malaysia ikiwa mojawapo, ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu bikaboneti na asetilisisteini zote hazikuonyesha faida yoyote juu ya maji ya chumvi ya kawaida na kidonge kisicho na dawa. Miaka kumi na saba ya kidonge kile iliishia hapo.

Hata maji yenyewe yalipimwa. Katika jaribio la AMACING la Maastricht, Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2017, wagonjwa 660 wenye upungufu wa wastani wa kazi ya figo waligawanywa kwa nasibu: wengine walipewa dripu, wengine hawakupewa kinga yoyote. Madhara ya figo yalikuwa asilimia 2.7 kwa waliopewa na asilimia 2.6 kwa wasiopewa, huku asilimia 5.5 ya waliopewa dripu wakipata matatizo yaliyotokana na dripu, hasa moyo kuzidiwa na maji. Matokeo haya yanastahili kusomwa kwa uangalifu katika Afrika Mashariki. Wagonjwa wa Maastricht walikuja hospitalini wakiwa wamekunywa maji, wamekula na wamepangiwa miadi. Jaribio lile halikumhusu mtu aliyesafiri nusu siku kwa basi akiwa na homa, wala aliyeharisha siku tatu. Kumwacha bila dripu mgonjwa asiye mkavu ni uamuzi mmoja. Kumwacha hivyo mgonjwa mkavu ni uamuzi tofauti kabisa, na takwimu za Uholanzi haziuhalalishi.

Wakati huohuo shaka kubwa zaidi ilikuwa ikijengeka. Jeffrey Newhouse na wenzake wa New York waligundua kasoro ya msingi katika tafiti za zamani: karibu zote hazikuwa na kundi la kulinganishia. Walichunguza vipimo vya zaidi ya wagonjwa 32,000 waliolazwa ambao hawakuwa wamechomwa kontrasti. Makala yao ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa na mabadiliko ya kreatinini ya angalau asilimia 25. Mtu mgonjwa sana hubadilika; kama angekuwa amepigwa picha jana yake, kontrasti ingelaumiwa. Tafiti zilizofuata, zikiwemo za Mayo Clinic zilizolinganisha wagonjwa wanaofanana waliopata na wasiopata kontrasti, zilielekea upande huohuo kwa sindano za kwenye vena. Mwaka 2020, chuo cha wataalamu wa eksirei na taasisi ya taifa ya figo za Marekani walitoa tamko la pamoja: kinga ya dripu ielekezwe hasa kwa wenye uchujaji wa figo chini ya mililita 30 kwa dakika na kwa wale ambao figo zao zimeumia ghafla. Uchunguzi wa mishipa ya moyo, ambapo dawa hupita kwenye ateri na kufika kwenye figo ikiwa nzito, bado huchukuliwa kwa tahadhari zaidi.

Hofu nayo ina gharama yake. Mwaka 2004 Glenn Chertow na wenzake walionyesha kwamba wazee wa Marekani wenye ugonjwa wa figo waliopata shambulio la moyo hawakupelekwa kwenye uchunguzi wa mishipa mara nyingi kama wenzao, ingawa waliopelekwa waliishi kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwelekeo huo waliupa jina lililoundwa kwa mfano wa maneno ya ubaguzi. Pale ambapo mashine ni chache na rufaa ni ndefu, picha iliyofutwa kwa sababu ya kreatinini iliyopanda kidogo huenda isipangwe tena.

Namba isiyosema yote

Maamuzi yote haya hutegemea kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu. Max Jaffe alieleza mmenyuko wa kemikali unaotumika kuipima mwaka 1886, na mbinu hiyo bado ni rahisi kuliko zote. Ugumu uko kwenye kuitafsiri. Mkulima mwembamba, au mama aliyekonda kwa maradhi, ana misuli michache na hutoa kreatinini kidogo. Namba yake huonekana njema wakati figo zimekwisha kudhoofika. Kwa miaka mingi fomula zilizotumika duniani ziliongeza pia kigezo cha rangi ya ngozi kilichotokana na Wamarekani Weusi, ambacho kiliinua makadirio ya kazi ya figo kwa kila Mwafrika. Kigezo hicho kiliondolewa katika fomula ya mwaka 2021.

Mwaka 2022 ushirika wa watafiti wa figo wa Uganda, Malawi na Afrika Kusini ulichapisha kazi iliyopima figo za watu kwa njia ya uhakika zaidi, na matokeo yalionyesha kwamba fomula za kreatinini zilikuwa zikikadiria kazi ya figo kuwa kubwa kuliko ilivyo, hivyo kuficha sehemu kubwa ya ugonjwa. Njia ya uhakika waliyotumia ni ioheksoli: dozi ndogo huchomwa, kisha hupimwa jinsi figo zinavyoiondoa. Kontrasti ileile inayoogopwa ndiyo iliyotumika kusema ukweli kuhusu figo za Waafrika.

Kwa Rubavu, maana yake ni kwamba mpaka wa mililita 30 usisomwe kama ukuta. Mgonjwa aliyekonda mwenye makadirio ya 40 anaweza kuwa chini ya 30 kwa hakika, na uamuzi wa kumpa dripu uegemee pia historia yake: kisukari, shinikizo la damu, kuharisha, homa, na dawa alizomeza. Diklofenaki na ibuprofeni zinastahili kuulizwa kwa majina, kwa kuwa wagonjwa wengi huzinunua wenyewe na hawazihesabu kuwa dawa za hospitali. Gentamisini aliyochomwa wodini nayo iingie kwenye hesabu, na metformini isimamishwe kwa saa 48 kwa wale ambao figo zao zimedhoofika sana.

Njia ya kurudi Cyanzarwe

Kinga yenyewe ni nafuu. Kwa mtu mwenye kilo 60, kipimo cha jadi cha mililita 1 kwa kilo kwa saa, saa 12 kabla na saa 12 baada, ni mililita 1,440, yaani takribani chupa tatu za nusu lita za maji ya chumvi. Kwa mwenye moyo dhaifu, kama wale waliougua homa ya baridi yabisi ya moyo utotoni, kiasi hicho kipunguzwe na mgonjwa aangaliwe kwa karibu. Kiasi cha kontrasti nacho kiwe kidogo kadiri picha inavyoruhusu, na sindano ya pili isirudiwe baada ya muda mfupi bila sababu ya haraka.

Sehemu ngumu ni siku zinazofuata. Figo zikiumia, kreatinini huanza kupanda ndani ya saa 24 hadi 48, hufika kilele kati ya siku ya tatu na ya tano, na kwa wengi hurudi karibu na kawaida ndani ya wiki mbili. Miongozo ya KDIGO ya mwaka 2012 huhesabu jeraha la ghafla pale kreatinini inapopanda kwa angalau mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au kufika mara 1.5 ya kiwango cha awali ndani ya siku 7. Hakuna dawa mahususi ya kulitibu. Matibabu ni kuacha kila kinachoumiza figo, kusawazisha maji, kupima mkojo na potasiamu, na kumpeleka mgonjwa kwenye usafishaji damu kabla potasiamu haijasimamisha moyo. Lakini siku ya tatu, mkulima aliyepigwa picha Kigali na kuruhusiwa yuko nyumbani Cyanzarwe. Kiwango chake cha awali kimeandikwa kwenye faili la hospitali nyingine, wakati mwingine kwa miligramu, wakati mwingine kwa mikromoli. Asipopimwa, jeraha dogo hupita bila kujulikana, na kubwa hujulikana akiwa amevimba na haelewi alipo.

Rwanda ina uzoefu wa kuziba pengo la namna hii. Mwongozo uliochapishwa mwaka 2011 na Partners In Health pamoja na Wizara ya Afya ulieleza jinsi wauguzi wa hospitali za wilaya, kuanzia Rwinkwavu, walivyofundishwa kuhudumia magonjwa ya moyo, kisukari na figo kwa taratibu zilizoandikwa, kreatinini ikiwa miongoni mwa vipimo vyao vya kawaida. Jumuiya ya Kimataifa ya Magonjwa ya Figo, iliyojiwekea mwaka 2013 lengo la kuondoa vifo vinavyozuilika vya jeraha la ghafla la figo ifikapo 2025, ilijaribu vipimo vya kreatinini vya tone la damu katika vituo vya Bolivia, Malawi na Nepal, na ikaonekana kwamba kazi hiyo inawezekana hata nje ya hospitali kubwa. Mwaka wa lengo umewadia na vifo havijaisha. Kifaa hata hivyo kipo, na mahali pake panapofaa Rubavu ni kituo cha afya cha umurenge.

Lugha ni sehemu ya kifaa hicho. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini Gisenyi na Goma zilikuwa zikikitumia sokoni na hospitalini muda mrefu kabla ya sheria. Mgonjwa anayevuka mpaka kutafuta picha upande wa pili anastahili kuulizwa maswali ya figo kwa lugha anayoijibu bila kubahatisha, na kuondoka na karatasi yenye namba yake ya kreatinini, kizio chake, tarehe ya sindano na tarehe ya kupimwa tena.

Karatasi hiyo inaangukia kati ya majukumu ya taasisi mbili. Chini ya mpango wa vituo vya umahiri vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kenya ilipewa magonjwa ya figo, na taasisi yake iko Nairobi. Rwanda ilipewa uhandisi wa vifaa tiba na afya ya kidijitali. Rekodi ya kreatinini inayosafiri kutoka mashine ya CT ya Kigali hadi kituo cha afya cha Cyanzarwe, na kumfanya muuguzi amwite mgonjwa siku ya tatu, inahitaji elimu ya kituo cha kwanza na mitambo ya kituo cha pili, na mahali pa karibu pa kuijaribu ni njia moja ya rufaa, ile inayoanzia kwenye nchi ya lava na kupitia Gisenyi.